Konveta Uani

"Usiingie chini ya gari kabla hujaweka magogo," dereva alisema kwa sauti kutoka kitandani, macho yakiwa darini. "Jeki peke yake haiaminiki."

"Nimeweka," mkewe akajibu kutoka uani.

"Mangapi?"

"Manne, baba watoto. Kuhesabu nilijua kabla sijakujua wewe."

Dereva alikuwa kitandani wiki ya tatu sasa, nyonga imevunjika baada ya kuanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliziba. Dirisha la chumba lilitazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo ya uani aliyajua kwa masikio tu. Jana alimsikia shemeji yake na majirani wawili wakilisukuma gari, wakisema wanalipeleka kivulini nyuma ya nyumba. Leo, tangu asubuhi, alikuwa akisikia spana.

Keshokutwa ndiyo Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku aliyopewa kitanda katika hospitali kubwa, mwendo wa nusu siku barabarani, na daktari hakumung'unya maneno: akiukosa upasuaji huo, mfupa utakufa na hatatembea tena. Basi halimlazi mtu. Gari la wagonjwa lilikuwa na orodha ya mwezi mzima. Lililobaki ni gari lao wenyewe, ambalo ukikunja viti vya nyuma mtu anajinyoosha, na gari hilo lilikuwa halisogei. Injini ikinguruma, magurudumu yanatulia tu kama hayakuambiwa. Konveta ilikuwa imekufa, lile bakuli la chuma lililojaa mafuta linalochukua nguvu za injini na kuzipeleka kwenye giaboksi.

"Tulipeleke gereji," mkewe alikuwa amemwomba. "Wenzetu wana mashine ya kuinulia. Ni kazi ya siku moja tu."

Gereji iliyojua magari ya otomatiki ilikuwa moja tu mjini, na mwaka jana ndiyo iliyomuuzia konveta "mpya" ambayo ilikuwa kuukuu iliyopakwa rangi. Aliapa gari lake halitaingia tena pale yeye akiwa hai. Hata nyonga haikumlegeza. Alikuwa mkaidi, alijijua, na hakuona haya.

"Basi nitalifungua mimi," mkewe akasema. "Wewe uniongoze. Cherehani nimezifungua ngapi?"

Siku ile alicheka. Leo kicheko hakikuwepo. Giaboksi ina uzito wa mtu mzima, na aliyelala chini yake ni mwanamke anayeshona sare za shule.

"Shemeji yuko wapi?"

"Yuko huku, ameshikilia."

"Mbona kimya?"

"Huyo umemsikia akisema lini?"

Kweli, shemeji yake alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Mara kwa mara alimsikia mkewe akinong'ona peke yake, kama mtu anayesali.

"Sasa sikiliza vizuri, mama watoto. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Ingiza ile konveta mpya tuliyoagiza kwenye shafti ya giaboksi taratibu, uizungushe huku unaisukuma. Itagonga mara tatu. Ukifunga boliti imegonga mbili tu, umeua pampu, na mimi umeniua."

Mnong'ono. Kisha chuma kikagonga, ko.

"Moja," akasema.

Muda ukapita. Ko.

"Mbili. Bado moja. Usifunge kitu."

Akangoja. Nzi alizunguka chandarua mara tatu, mara nne. Hakikugonga kitu.

"Izungushe tena. Usitumie nguvu. Unanisikia?"

Ndipo alipousikia mshindo, kitu kizito kikianguka, chuma kikibiringika na kulala. Baada ya hapo, hakuna sauti.

"Mama watoto?"

Hakuna.

"Shemeji?"

Hakuna.

Alimwona akilini. Aliona kifua cha mkewe chini ya ule mzigo, mikono ile inayotunga uzi bila miwani imelala wazi kwenye mchanga, yote kwa sababu ya kiapo cha mwanamume mmoja mwenye kichwa kigumu. Gereji wangemwibia konveta. Wangemwibia gari zima, na wachukue. Miguu yenyewe ya nini, kama atakuwa anatembea kwenda makaburini?

Akajiviringisha hadi ukingoni mwa kitanda, akaanguka. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Akajikokota kwa viwiko, akapita kwenye ukumbi, akapita mezani palipo na cherehani, mguu ukiburutika nyuma yake kama wa mtu mwingine. Alikuwa akilia na hakujizuia. Alijisemea kwamba akimkuta hai, atamwambia yale ambayo kwa miaka ishirini na miwili aliyaacha yajulikane yenyewe.

Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma kwa paji la uso.

Uani hapakuwa na gari.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, amempa mgongo, gauni lake safi halina hata tone la mafuta. Spana kaibana kwapani, rimu kuukuu imelala miguuni pake. Simu ilikuwa kwenye sikio moja, na lile jingine alikuwa ameliziba kwa kidole.

"Fundi," alikuwa akinong'ona, "mwenyewe anasema msifunge boliti mpaka igonge mara ya tatu. Ikigonga uniambie, na mimi huku nigonge."