Pimbi na Watoto wa Nanasi

Imepokewa kwa waliotutangulia, na ukweli wote uko kwa Mola, kwamba Pimbi alikuwa mpenzi wa mimea. Aliotesha nanasi la mapambo, ambalo majani yake hujikusanya kama bakuli na kuhifadhi maji ya mvua. Alilichunguza jani kwa jani, akatamani uzuri wake usiwe na mwisho.

Machipukizi yalipotokea shinani, Pimbi akayang'oa na kuyatupa nje ya ua.

"Bwana Pimbi," akasema jirani yake Bi Chura, "hao si watoto wake?"

"Ni wanyonyaji! Wanamharibia mama yao umbo. Nawe usiye na bustani wanifundisha?"

"Astaghfirullah! Mimi nikufundishe? Basi nipe ruhusa niwaokote."

"Okota. Taka haina mwenyewe."

Bi Chura akawapanda vyunguni. Walipokua na majani yao kujaa maji, akawalea humo viluwiluwi wake.

Nanasi la Pimbi nalo likachanua, wageni wakalisifu, kisha likanyauka. Kwani mmea huo huchanua mara moja tu, kisha hufa na kuwaachia wanawe nafasi. Pimbi akamwendea jirani akilia, "Nilimpa kila kitu!"

"Kila kitu, bwana, isipokuwa uzazi. Haya, chagua chungu kimoja. Ila wanangu wamo, na hawahami mpaka waote miguu."

Pimbi akarudi kwake amekumbatia chungu, akinyata asimwage maji, huku akiwaimbia viluwiluwi walale.

Achukiaye kulea vyake, hulea vya wenzake.