Lita kwa Kila Mtu

Karani wa takwimu alimkuta Bi Nyamizi ameketi mlangoni mwa zahanati, mikono kichwani.

"Mama, tunalinganisha nchi na nchi. Kwenu kila mtu anatumia lita ngapi za mafuta kwa mwaka?"

"Baba, binti yangu yumo humu ndani, uchungu siku ya pili. Gari la kumpeleka hospitali lile pale, halina hata tone la petroli. Andika utakavyo."

"Kuna nchi mtu mmoja anamaliza pipa zima kwa mwezi," alisema karani, kisha akaona aibu.

Ndani, binti alilia kwa sauti iliyokauka.

Karani alichomoa mpira wa petroli wa pikipiki yake. Dereva wa lile gari alileta kidumu. Bi Nyamizi alikishika, akiyatazama mafuta yakichuruzika, membamba kama uzi.