Watoto Waliokufa Kila Asubuhi

Watoto watatu wa hema la arobaini na mbili walikuwa wamekufa tena.

Mama Domitille aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kioo cha kompyuta hakikubadili neno. Amefariki. Amefariki. Amefariki. Lakini jana tu alikuwa amewaona kwa macho yake, katika kambi ya wakimbizi ya njia ya Sake, wakinyang'anyana sufuria ya uji ili wairambe.

Chini ya majina yao lilisimama jina la aliyeyabadilisha: MUNYANEZA. Naye Munyaneza, karani mwenzake katika ofisi ya watoto waliopotea, alizikwa wiki tatu zilizopita. Watu wasiojulikana walikuwa wamemteka mchana kweupe.

"Marehemu harudi kazini, Josias," alimwambia fundi. "Huyu alikuwa anachelewa hata alipokuwa hai."

Josias alicheka kwa woga, akaigonga kompyuta kwa kidole. "Mama, ordinateur haijue mutu. Inajua jina na mot de passe, lile neno la siri, basi. Mwenye kuvijua anaingia katika fichier yako ya majina toka mbali, kama mwenye nyumba."

Waliufuata waya wa kompyuta. Ulitoka dirishani, ukavuka ua wa mawe meusi, ukaishia katika chumba cha dawa. Huko kompyuta ya pili ilikuwa mikononi mwa Béata, muuguzi wa watoto wa kambi, mjane wa Munyaneza.

Mama Domitille alishusha pumzi. Huzuni imemvuruga binti wa watu, aliwaza. Amefiwa, naye anataka kila mtu afiwe.

"Tumuulize?" alisema Josias.

"Weye! Matanga hayajaondolewa, nawe unataka kumhoji mjane? Nani alikulea?"

Basi Béata hakuulizwa.

Aliyeumia ni Papa Evariste, mjomba wa watoto hao, mtu mpole, kofia magotini, aliyeketi kwenye benchi la ofisi kwa siku ya nne. Kwa sheria ya ofisi, jamaa hakuambiwa kwa mdomo mahali alipo mtoto. Alipewa karatasi iliyochapwa. Na kompyuta ile haikuchapa karatasi ya aliyefariki. Kila mara Mama Domitille alipowafufua watoto, mkono wa ng'ambo uliwazika kabla wino haujagusa karatasi.

Yeye mwenyewe, wakati wa kukimbia vita vya mwaka wa tisini na nne, alimtafuta mjukuu wake miezi saba. Aliujua uchungu wa benchi lile.

"Lifute jina la marehemu," aliamuru. "Mlango ufungwe."

Josias alilifuta. Mama Domitille aliandika: hai, hai, hai. Mashine ya kuchapa ikaanza kunguruma.

Ndipo maneno yalipozuka kwenye kioo: MUNYANEZA, haruhusiwi. Yakaja tena. Yakaja mara tano, mara sita, upesi upesi, mithili ya mtu apigaye mlango kwa viganja viwili.

Josias alifanya ishara ya msalaba. "Mama, anataka kuingia."

"Abishe hadi achoke."

Ng'ambo ya ua mlango ulifunguka kwa kishindo. Béata alitoka mbio, miguu mitupu juu ya mawe makali, kitambaa cha matanga kikimponyoka kichwani. Alikuwa akipaza sauti, lakini mngurumo wa mashine uliimeza.

"Masikini," alinong'ona Mama Domitille. Aliichana karatasi kutoka mashineni, akaigonga muhuri, akampa Papa Evariste kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

Mjomba aliisoma polepole, kambi, kisha hema, kisha majina yote matatu. Akaikunja mara nne. Akavaa kofia yake.

"Aksanti sana, Mama. Ule Munyaneza nilimuuliza siku mbili nzima, na mpaka anakata roho hakunipa hii karatasi."