Rafu ya Vitabu vya Kweli

"Na huyu aliyemwibia dada yake mume, anakaa mtaa gani?"

"Hakai popote, Mama. Ni riwaya."

"Basi. Mtu asiyekaa popote atakufundisha nini? Hata umbea una anwani." Mama Tanuri akakitupa kitabu ndani ya boksi, juu ya vingine kumi na vinane.

Jana maharage yaliungua mpaka sufuria ikabadilika rangi, na binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa hapo hapo jikoni, hatua mbili kutoka motoni, akimlilia mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Hukumu ikatoka leo asubuhi. Riwaya zote zinakwenda kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Naye alikwishaegesha mkokoteni wake getini, akisubiri kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba watu wakigombana, yeye hakosi chake.

Mama Tanuri hakuwa na mchezo na uongo, na hakuanza jana. Wenzake walipokuwa wakisimuliwa jinsi sungura alivyomhadaa fisi, yeye aliuliza sungura alijifunzia wapi kusema. Alipojua kusoma, mambo yakawa mepesi zaidi: akiliona neno "riwaya" kwenye jalada, kitabu kinakwenda uvunguni.

Ndiyo maana rafu yake ya sebuleni haikuwa na takataka. Ilikuwa na mwongozo wa udongo, kitabu cha magonjwa ya figo, vitabu vya chuo, na vile vya utotoni alivyoletewa kimoja kimoja na mama yake mzazi, mfagiaji wa maktaba, kila maktaba ilipotupa vya zamani. Kulikuwa na yule daktari aliyejipasua tumbo mwenyewe. Kulikuwa na yule mfungwa aliyetoroka gerezani mara saba, mara ya saba ndani ya jeneza. Na mbele ya wote alikaa yule mjane aliyejenga tanuri la matofali huku wanaume wakimcheka.

Vya utotoni havikuwa na majalada wala kurasa za mwanzo. Panya. Panya wa nyumba ile ya zamani walikuwa na adabu zao: wakila jalada, wanaishia hapo.

Kwa yule mjane ndiko alikojifunza kwamba tofali lililoiva hulia likigongwa. Leo ana matanuri matatu, vibarua ishirini na wawili, na jina ambalo hata mumewe hutumia. Aliwahi kuwatafuta jamaa za yule mjane ili awashukuru. Aliwatafuta miaka miwili, hakuwapata. Akawalaumu watu wa masjala.

"Riwaya nazo zinafundisha, Mama," binti akasema. Alikuwa amelishika boksi upande mmoja, mama yake upande wa pili.

"Nitajie mtu mmoja aliyejenga kitu kwa sababu ya riwaya. Mmoja tu, na boksi hili halitoki."

Binti akafikiri. "Mwalimu wetu wa Kiswahili."

"Yule ambaye paa lake linavuja?"

Binti akaachia boksi.

"Mama," mnunuzi akaita kutoka getini, "majalada magumu siyachukui. Kiwandani hawayataki."

Bibi, mama mzazi wa Mama Tanuri, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Sasa akanyoosha mkono.

"Nipe rula."

"Bibi, hata wewe?" binti akasema.

"Rula, mjukuu wangu. Ile ya chuma."

Akalivuta boksi katikati ya miguu yake. Akafungua kitabu cha kwanza, akalaza rula kwenye mshono, akavuta. Jalada likatoka pamoja na kurasa za mwanzo, ukingo umenyooka kama uliopita mashineni. Cha pili. Cha tatu. Hata hakuitazama mikono yake. Alitazama nje, kama mtu anayemenya viazi.

"Angalau humu ndani kuna mtu mwenye akili," Mama Tanuri akasema. "Na mkono bado mwepesi, Mama."

"Mazoea."

Binti alikuwa akilia sasa, kilio kile kile cha jana jikoni. Mama Tanuri alimwacha. Kilio hakijawahi kuzuia tofali kuiva.

Cha kumi na tisa kilipokwisha, aliinama kubeba boksi.

"Liache," Bibi akasema.

Akainuka, magoti yakilalamika, akakumbata vitabu vitano. Hakuelekea getini. Alikwenda kwenye rafu, akamsogeza mfungwa kwa kiwiko, akamsukuma daktari pembeni, akavipanga. Akarudi kuchukua vingine. Safari nne. Cha mwisho alikichomeka ubavuni mwa yule mjane, na kutoka pale mlangoni usingeweza kusema kipi ni kipi.

"Mama, umechanganyikiwa? Hivyo ni vitabu vya uongo."

"Vilikuwa," Bibi akasema, akirudi kitini. "Sasa ni vya kweli, kama vyako vya utotoni."

Akamrudishia mjukuu wake rula.

Mama Tanuri akamtoa yule mjane kwenye rafu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake, kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anayekagua tofali. Ulikuwa umenyooka. Akamgeuza mfungwa. Akamgeuza daktari.

"Mama, tunapima au hatupimi?" mnunuzi akaita.

Akavirudisha vyote mahali pake, akatoka mpaka getini, akamwambia ageuze mkokoteni wake aende zake, nyumba hii haina riwaya hata moja.