Jiwe la Binti Gadbois

Kwa miaka kumi na tisa, kila kiangazi, Rosilda alitoka Amerika kuja Quebec kutafuta kaburi la mama aliyemfia angali mchanga. Alisoma kila jiwe la parokia akitafuta jina la baba yake, Lacasse.

"Mama wee, ungezeeka bure!" mtunza makaburi alicheka, akafungua daftari. "Huku kwetu mke huzikwa na jina la babake, si la mume. Huyu hapa: binti Gadbois, mke wa Lacasse. Lile jiwe pana, pale langoni, lililoandikwa Gadbois tu."

Rosilda alilijua. Hapo ndipo alipoketi kila mwaka kula mkate wake, akimwomba mwenye kaburi radhi kwa kulikalia.

Alirudi mbio. Makombo ya asubuhi yalikuwa bado juu ya jiwe.

Akaketi. Safari hii hakumwomba mtu radhi.