Wembe wa Alasiri

Dawa ya ugonjwa wa Parkinson ilimtuliza kinyozi Bakunda mkono hadi adhuhuri tu. Kila alasiri mtetemo ulirudi, na wateja wakahamia kwingine. Wiki iliyopita daktari alimwongezea kidonge cha pili, cha kuifanya ile dawa ya kwanza idumu mwilini.

Alasiri rafiki yake Mshangama aliketi kitini, akainua kidevu.

"Ungekuja asubuhi," Bakunda alisema.

"Asubuhi kila mtu anakuamini."

"Na nikikukata?"

"Mjane wangu utamlisha wewe. Na anakula yule."

Bakunda alicheka, akauweka wembe kooni mwa mwenzake. Mkono ulitulia. Wembe ulipanda polepole hadi kidevuni, ukiacha njia safi katikati ya povu.

Mpita njia alisimama mlangoni, akaanza kupapasa ndevu zake.