Ukuta wa Gereji

Siku hizo nyumba za Tukuyu zilijengwa kwa udongo hai, unaonyonya joto la wakazi wake ili kufukuza unyevu. Chumba kisicho na mtu kiliota ukungu, basi.

Gereji ya Ambakisye ilitoka jasho tangu ilipoezekwa. Akabandika sponji ukutani, akapaka lami. Wapi! Maji yalichuruzika mpaka gari likashika kutu.

"Gari halina joto la mtu," fundi aliyeijenga akamwambia. "Mlaze mtu humo."

Ambakisye akamleta baba yake kutoka kijijini, akamlaza gereji. Mkewe, Tusajigwe, hakupinga. Kwa mila yao mwanamke haonani na baba mkwe wake, kwa hiyo mzee kulala nje ya nyumba ilikuwa heshima. Kila asubuhi alimwachia uji mlangoni, akaondoka upesi bila kugeuka.

Wiki haikuisha, ukuta ukakauka kau. Ambakisye akatamba mtaa mzima. Lakini Tusajigwe aliona uji unarudi haujaguswa, na kikohozi cha mzee kilimkosesha raha.

"Baba Lugano, mzee anaumwa."

"Baridi tu hiyo, mama Lugano. Kwani huoni ukuta ulivyo mkavu?"

Asubuhi moja kikohozi hakikusikika. Tusajigwe aliweka bakuli chini, akashindwa kuondoka, akashindwa pia kufungua mlango. Akaegemeza kiganja ukutani. Ulikuwa na joto zuri, kama mgongo wa mtoto aliyelala.

Kisha, chini ya kiganja chake, ukuta ukakohoa.